Muhtasari wa Moyo Wangu

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja mjini Morogoro, na jioni za Jumapili ni katibu wa kikoba cha mtaani kwetu. Mwaka jana, baada ya muuguzi kunipima presha mara mbili na kuniuliza kama nimekuja zahanati mbio, mpwa wangu anayesomea ushauri nasaha aliamua kunitibu kwa kalamu. Aliniletea karatasi zenye maswali elekezi, moja kwa kila siku, akanitaka niandike shajara kila alfajiri kwa dakika 15, nikiwa nimetulia, bila kujali tahajia na bila kujihukumu.

"Mjomba," alisema, "utajifunza kuwapo pale ulipo."

Nilimjibu kwamba kwa mshahara wangu sijawahi kuwapo pengine.

Ili nisidhani kwamba jambo hilo ameliokota kijiweni, alinieleza habari za Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, huko Marekani, mafunzo ya wiki 8 ya kuwatuliza wagonjwa. Akaongeza za mwanasaikolojia James Pennebaker, ambaye katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986 aliwaandikisha wanafunzi wa chuo mambo yaliyowaumiza maishani, dakika 15 kwa siku 4 mfululizo, na baadhi yao wakapunguza safari za zahanati katika miezi iliyofuata. Nilipaswa kumuuliza maandishi ya wanafunzi wale yalihifadhiwa wapi. Sikuuliza.

Zoezi la kwanza lilikuwa la kula zabibu kavu moja polepole, kwa kuitazama, kuinusa na kuisikiliza, ambalo nalo ni sehemu ya mafunzo ya Kabat-Zinn. Niliichukua kwenye kopo ambalo mke wangu huhifadhia viungo vya pilau, nikaitazama kwa dakika tatu, na nilipoisogeza karibu na miwani niligundua kuwa ina miguu. Zoezi hilo tuliliacha.

Kuandika ndiko kulikonifaa, ingawa si kwa namna aliyoitarajia mpwa wangu. Mtu aliyesahihisha insha kwa miaka 23 hawezi kuandika bila kujihukumu. Kila nilipomaliza nilichukua kalamu nyekundu, nikapigia mstari sentensi zisizo na kiima, nikajipa alama. Siku niliyoandika juu ya utulivu nilipata 41 kwa 100, kwa sababu nilikuwa nimetoka nje ya mada. Zaidi ya hayo, mkono wa katibu una mazoea yake: bila kukusudia nikawa naandika moyo wangu kwa mtindo wa muhtasari wa kikao, wenye mahudhurio, ajenda na yatokanayo. Na kwa kuwa niliamini kwamba shajara inastahili heshima, niliinunulia shughuli hiyo kaunta buku la kwaya mbili na kulifunika kwa karatasi ya kaki, vilevile nilivyolifunika la kikoba. Niliyaona yamependeza sana yakiwa pamoja mezani.

Jumapili ya wiki ya tano nilifika chini ya mwembe wa Mama Mwenyekiti nikiwa na mafua yaliyonikausha sauti. Sanduku lilikuwa katikati na kufuli zake tatu, wenye funguo wawili wamekaa, wa tatu akisubiriwa kama kawaida. Alipofika, nilimkabidhi daftari kijana wetu mtunza hesabu anisomee muhtasari uliopita, kisha nikafumba macho. Swali la siku hiyo lilinitaka nisikilize sauti zote zinazonizunguka bila kuzihukumu, niache kila moja ipite kama wingu juu ya milima ya Uluguru.

"Kikao cha alfajiri, Jumanne," kijana alianza. "Waliohudhuria: mwandishi, nzi wawili na jogoo wa jirani. Asiyehudhuria kwa taarifa: usingizi."

Watu walicheka kidogo. Mama Mwenyekiti alisema kwamba katibu ana utani leo, msomaji aendelee.

"Ajenda ya kwanza: Ni sauti gani ilikukera wiki hii, na uliipokeaje? Ni kikohozi cha Mama Mwenyekiti, ambacho hulitangulia kila neno lake kama matarumbeta yanavyomtangulia bibi harusi. Nilikipokea kwa kuhesabu maembe."

Naapa kwamba nilisikia kila neno. Lakini nilikuwa nimeshaonywa nisihukumu, kwa hiyo niliyaacha yapite, tena moyoni nikampongeza aliyeyaandika kwa upatanisho mzuri wa kisarufi. Mama Mwenyekiti alikohoa ili aseme jambo, akajisikia amekohoa, akanyamaza.

"Ajenda ya pili," kijana akaendelea, maana alikuwa ameagizwa asome na hakuagizwa aache. "Ni nani unapaswa kumsamehe? Ni Mzee wa Ufunguo wa Tatu, ambaye mara sita ametukalisha tukiatamia sanduku kama kuku. Nimemsamehe mara nne. Mbili zimebaki kiporo."

Pumzi yangu, niliyokuwa nikiihesabu vizuri hadi hapo, ilianza kuruka namba.

"Ajenda ya tatu: Leo unashukuru kwa nini? Ninashukuru kwa kiti cha uvivu ninachokalia nikiandika haya. Kwa mkopo wa kukarabati banda la kuku, ambao ndio uliokinunua. Na kwa mama watoto, ambaye hadi leo anaamini kwamba nilizawadiwa na shule."

Wingu hilo halikupita. Nilifumbua macho na kuyakuta ya mke wangu, mwanachama mwenye hisa nyingi kuliko zangu, yakinitazama kutoka benchi la pili kwa umakini ambao karatasi zote za mpwa wangu hazijawahi kuueleza.

Nilitegemea kwamba kikao kingevunjika. Sikukumbuka kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha watu hawa kufuata taratibu. Mama Mwenyekiti alimeza kikohozi kwa shida, akauliza kama wajumbe wana marekebisho kabla ya kuthibitisha muhtasari. Mzee wa Ufunguo wa Tatu akasimama na kofia mkononi.

"Imeandikwa mara sita. Ni mara tano. Ile nyingine nilikuwa msibani, na nilitoa taarifa."

Marekebisho yakapokelewa. Mke wangu akanyoosha mkono na kuomba suala la banda la kuku liingizwe katika yatokanayo, akaungwa mkono na watu wanne, wawili kati yao wakiwa wadaiwa sugu ambao kwa sheria zetu hawaruhusiwi hata kuchangia hoja. Katiba ya kikoba, niliyoiandika kwa mkono wangu, inamtoza shilingi 10,000 mwanachama anayetumia mkopo kwa jambo lisilokusudiwa. Nililipa papo hapo. Na kwa kuwa daftari la kikoba lilikuwa nyumbani limelala juu ya kiti cha uvivu, niliandika faini yangu katika shajara, chini ya nzi na jogoo.

Usiku huo mke wangu alikula kimya, akaosha vyombo kimya, akalala kimya. Ni utulivu ambao mpwa wangu angeufurahia. Alfajiri nilipokwenda kuandika, kiti hakikuwepo. Kilikuwa uani, na kuku wawili wamekwisha kukikalia. Daftari lilikuwa wazi mezani. Ajenda ya tatu yote ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu yangu nyekundu, pembeni mwake pameandikwa 09 kwa 100, na chini yake neno moja ambalo nimewaandikia watoto wa watu kwa miaka 23: "Nione."