Maada giza na nishati giza: kesi mbili, kila moja na ushahidi wake

Kila yanapotangazwa matokeo mapya ya kosmolojia, sayansi ya ulimwengu mzima, hoja ileile hurudi: wanasayansi hawajui asilimia 95 ya ulimwengu, basi wametunga vitu vya kuziba pengo. Namba ni sahihi. Maada giza ni kama asilimia 27, nishati giza 68, na atomu za kawaida, yaani nyota, gesi, mawe na sisi wenyewe, ni 5. Kilichoharibika ni hitimisho, kwa sababu vitu viwili visivyo na undugu vimetiwa kapu moja. Kwa maoni yangu, kesi ya kuwepo kwa maada giza imekwisha, hata kama hatujui imeundwa na nini. Ya nishati giza ndiyo iliyo moto sasa, na kuna shahidi mmoja pale ambaye simwamini sana.

Lawama kidogo ziwaendee waliotoa majina. Jina jema hung'ara gizani, lakini haya mawili yamezidisha giza. Maada giza si nyeusi kama makaa. Makaa hufyonza nuru, ilhali maada giza huiacha ipite kana kwamba hapana kitu. Nayo nishati giza haishikamanishi chochote. Kazi yake ni kuharakisha kutanuka kwa ulimwengu.

Tuanze na hesabu ambayo yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuifanya. Utaridi hulizunguka Jua kwa kilomita 47 kwa sekunde, Dunia kwa 30, Neptuni kwa 5.4. Ukienda mbali kasi hushuka, maana karibu masi yote, yaani wingi wa maada, iko katikati. Kwenye galaksi, ambako nyota zimesongamana kitovuni, ungetegemea mambo yawe hivyohivyo. Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vyao vya Andromeda, galaksi jirani yetu, na baadaye mawimbi ya redio ya hidrojeni, yale ya sentimita 21, yaliwawezesha watafiti kupima gesi iliyo mbali kupita nyota zinazoonekana. Kasi haishuki. Mstari wa kasi kwenye grafu hulala bapa.

Kanuni ni hii: kipeo cha pili cha kasi, zidisha kwa umbali kutoka kitovuni, gawanya kwa namba ya mvutano ya Newton. Gesi inayokwenda kilomita 220 kwa sekunde, miaka ya nuru 100,000 kutoka kitovuni, inadai masi ya majua karibu bilioni 350 ndani ya mzingo wake. Ikiwa nyota na gesi zote ulizohesabu ni majua bilioni 100, kasi ingekuwa takriban 120 tu.

Kipimo hiki kina mtego wake. Hatupimi kasi nzima, tunapima ile sehemu inayokuja kwetu au kutukimbia, kisha tunaigawanya kwa saini (sine ya kihesabu) ya pembe ya mwinamo wa diski. Galaksi iliyoinama digrii 30 ni mbaya: ukikosea digrii 5 tu, masi hubadilika kwa robo au zaidi. Ndiyo maana wapimaji makini huziacha galaksi zinazotukabili uso kwa uso. Lakini kosa la namna hiyo huongeza hapa na kupunguza pale. Haliwezi kuzidisha masi mara tatu na nusu, tena upande uleule, kwa mamia ya galaksi.

Kama ushahidi ungekuwa huo peke yake, mimi ningesimama na mwanafizikia Mordehai Milgrom. Mwaka 1983 alipendekeza kwamba hakuna kilichofichika. Sheria ya mvutano ndiyo hubadilika mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi, unaposhuka chini ya takriban mita 0.00000000012 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa namba hiyo moja alitabiri kwamba masi ya kawaida ya galaksi hufuata kasi yake kwa kipeo cha nne: kasi mara mbili, masi mara 16. Utabiri huo umesimama vizuri ajabu. Mwaka 2016 McGaugh, Lelli na Schombert walionyesha kwa galaksi 153 kwamba ukijua maada inayoonekana, unaweza karibu kubashiri mchapuko wote. Watetezi wengi wa maada giza hulipita jambo hili haraka mno, na hawafanyi haki.

Tatizo la Milgrom huanza nje ya galaksi mojamoja. Kwenye makundi makubwa ya galaksi, hesabu yake bado huacha karibu nusu ya masi bila maelezo. Katika Kundi la Risasi, makundi mawili yamepita moja ndani ya jingine. Gesi yake, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida, iligongana ikabaki nyuma, na inaonekana kwa eksirei. Lakini nuru ya galaksi za nyuma imepindwa zaidi na mvutano wa masi mahali pengine, kule mbele ambako galaksi zenyewe zimetangulia. Masi imekwenda njia yake na gesi imebaki. Kuna pia mnururisho wa kale wa mikrowevu, nuru iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, uliopimwa na chombo cha anga cha Planck: urefu wa vilele vya mawimbi yake unataka kitu kilichokuwa kikivuta bila kusukumwa na nuru, kiasi cha mara tano ya atomu. Nadharia ya kubadili sheria peke yake haijaufikia mchoro huo kwa urahisi.

Wengine husema kwamba kama maada giza ingekuwepo, matangi ya chini ya ardhi yaliyojengwa kunasa chembe zake yangekwisha kuinasa. Tangi la LZ huko South Dakota, lenye tani 10 za gesi ya zenoni iliyogeuzwa kimiminika, limeshindwa kuiona chembe hata moja ya aina iliyokuwa ikitarajiwa. Kushindwa huko ni kwa kweli na kunaumiza. Ila zingatia kiasi kinachotafutwa: ukikusanya maada giza yote iliyomo ndani ya ujazo wa Dunia nzima wakati wowote, hupati zaidi ya kama nusu kilo. Nusu kilo hiyo isipogusa atomu ila kwa mvutano, hakuna tangi litakaloiona. Matangi yanafuta aina za chembe, hayafuti masi iliyopimwa angani.

Sasa nishati giza. Mwaka 1998 timu mbili ziligundua kwamba supanova za mbali za aina ya Ia, milipuko ya nyota ambayo mng'ao wake hutumika kupima umbali, ni hafifu kuliko zilivyotakiwa kuwa, dalili kwamba kutanuka kunaharakishwa, na Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 2011. Maelezo mepesi kabisa ni lamda, namba aliyoitia Einstein kwenye milinganyo yake mwaka 1917: nishati ya nafasi tupu isiyobadilika, sawa na masi ya protoni tatu au nne hivi kwa kila mita ya ujazo.

DESI ndiyo iliyoitikisa. Ni kifaa kilichofungwa kwenye darubini ya Mayall ya mita 4 huko Kitt Peak, Arizona, chenye nyuzi za fiba 5,000, kila moja ikielekezwa na roboti yake kwenye galaksi moja. Rula yake ni alama iliyoachwa na mawimbi ya sauti ya ulimwengu mchanga, ambayo leo ina urefu wa miaka ya nuru karibu milioni 480. Machi 2025 watafiti wake walitoa matokeo ya galaksi na kwasari (vitovu ang'avu vya galaksi za mbali) zaidi ya milioni 14. Ukiyaunganisha na mnururisho wa kale, lamda thabiti inapingwa kwa sigma 3.1, sigma ikiwa kipimo cha jinsi ilivyo vigumu matokeo kuwa ya bahati tu. Ukiongeza supanova, jibu hutegemea katalogi, yaani orodha ya vipimo vya supanova, uliyochukua: 2.8, 3.8 au 4.2. Wanafizikia hudai 5 kabla ya kusema wamegundua.

Hapo ndipo ninapoweka kidole. Ramani ileile, mnururisho uleule. Ukibadili katalogi, unatoka kwenye habari ya kawaida hadi kwenye kishindo. Supanova za mbali zilizotoa 4.2 zilipigwa kwa kamera moja nchini Chile. Za karibu zilikusanywa na darubini mbalimbali kwa miaka mingi, kila moja na vichujio vyake. Kwa kuwa jibu lote ni ulinganisho wa mbali na karibu, kosa dogo la kusawazisha mng'ao linatosha kulipindua. Mwaka 2024 mwanakosmolojia George Efstathiou alionyesha hitilafu ya magnitudo (kipimo cha mng'ao) kama 0.04 kati ya katalogi mbili, sawa na asilimia 2 hivi ya umbali. Wenye katalogi iliyotoa 4.2 walijibu kwamba njia zao mpya za kurekebisha ndizo zinazoeleza tofauti hiyo. Huenda. Lakini ningependa kuona supanova za karibu zimebadilishwa zote ndipo nishawishike.

Pia ile namba 4.2 inatoka kwenye dhana kwamba uwiano wa shinikizo la nishati giza na msongamano wake hubadilika kwa mstari ulionyooka kadiri ulimwengu unavyotanuka. Mstari huo ni wa urahisi tu, hakuna nadharia iliyouzaa. Ukiurudisha nyuma, unadai kwamba zamani nishati iliongezeka msongamano huku nafasi ikitanuka, jambo gumu kumeza.

Hata hivyo siwezi kuwatupa DESI, kwa sababu ya nyutrino. Ukishikilia lamda, ramani yao pamoja na mnururisho wa kale inataka masi za aina tatu za nyutrino, chembe nyepesi mno, zisizidi jumla ya elektronivolti 0.064 (kizio cha masi za chembe). Majaribio ya maabara yanasema haziwezi kupungua 0.059. Upenyo uliobaki kwa lamda ni kama uzi, na supanova hazikuhusika hata kidogo.

Kifaa cha kuamua kipo tayari: darubini ya Rubin nchini Chile, kioo cha mita 8.4, itapiga supanova za karibu na za mbali kwa kamera ileile na vichujio vilevile. Katalogi yake ya kwanza kubwa itakapotoka, achana kwanza na idadi ya sigma. Angalia ule utofauti wa 0.04 umeelekea wapi.