Mche wa Elfu Tano

Jamani, mche wenyewe ni elfu tano. Nasema mapema ili mjue ninacholalamikia. Mwembe wa kisasa, umebebeshwa, aina ya Kent, na muuza miche wa pembeni mwa barabara ameniapia kwamba mwaka wa tatu naanza kula. Asili yake Florida, Marekani, leo anakuja kuishi Chamazi. Nikamwonea huruma, nikalipa.

Bodaboda akautazama mche, akanitazama mimi, akasema hao ni abiria wawili. "Mzee, huyo anashika upepo." Kiroba cha samadi akakikataa kabisa. Basi samadi ikaja kwa bajaji, peke yake, imeketi kiti cha nyuma, kwa nauli ambayo ingenunua mche mwingine na chenji ikabaki.

Sasa shimo. Futi mbili kwenda chini, futi mbili upana. Udongo wa juu weka upande huu, wa chini upande ule, maana wa juu ndio wenye rutuba, uchanganye na samadi iliyooza, urudi wa kwanza. Hayo ni maneno ya muuza miche. Uwanja wangu hauna udongo wa juu, una mabaki ya ujenzi. Jembe likatoa vipande vya tofali, nailoni, misumari, ndala moja ya kushoto, halafu likagonga kitu, ngo! Nikafukua: mfuko wa saruji, mzima, umeganda. Na fundi aliyejenga nyumba hii alikuwa hanipi usingizi: "Bosi, saruji imekata, tuma hela ya mifuko mitatu." Kumbe mwingine ulinyeshewa, akauzika kimyakimya. Mazishi nimeyagharamia mimi, na taarifa sikupewa.

Shimo likishaonekana, mtaa mzima unageuka bwana shamba. Kushika jembe, hakuna. Jirani wa kulia: mizizi itapasua chemba. Jirani wa kushoto: utaleta popo, watakunyea bati lote. Mama mkwe hajaja hata kuona, kapiga simu kutoka Muheza, anakokaa katikati ya michungwa: eti embe si tunda la kupanda, embe ni la kuokota.

Akatokea na mzee mmoja mwenye bakora, akashikilia kiriba, ule mfuko wa nailoni uliokuja na mche, kisitolewe, udongo utamwagika. Nikamwambia, shikamoo mzee wangu, mizizi ikikosa pa kutokea itajizungusha humo humo mpaka ijinyonge. Nikakichana kiriba kwa wembe, polepole, donge likatoka zima. Alipoona hapo kashindwa akahamia kwenye kiungio, pale mche ulipobebeshwa: nifukie mpaka juu, mti usimame imara. Mzee, kiungio kikae juu ya udongo! Hapo juu ndiyo Kent, chini ni embe la kienyeji la nyuzi tupu. Nikikiozesha hicho, Kent inakufa, linachipua la chini, mwaka wa tatu nakaa kutoa nyuzi menoni.

Tukapanda. Kuku wakaja. Sijui nani huwapelekea taarifa, kwa sababu samadi haikumaliza hata jioni moja, wameshaichakura yote hadi barazani. Nikazungushia miiba. Kesho yake nakuta binti yangu ameanika sare ya shule juu ya miiba, na soksi kwenye mti wa kuegemeza mche.

Maji nayo kwetu hutoka usiku wa manane, yakijisikia. Katika kulea watoto wangu sijawahi kuamka saa tisa usiku, mama yao ndiye shahidi, tena shahidi mwenye hasira. Sasa bomba likikoroma tu, niko uwanjani na ndoo na bukta. "Kumbe unaweza kuamka," anasema dirishani.

Na sasa mche, huo huo usiofika kiunoni kwangu, umetoa maua. Nikampigia muuza miche kwa furaha. Akasema, "Yakate yote, mzee. Bado mtoto huyo, akizaa sasa atadumaa." Nikachukua mkasi. Kufika, nakuta familia nzima imesimama mbele ya miiba. Watoto wameshagawana maembe, mdogo kabisa keshauza lake kwa jirani wa popo.

"Baba Zawadi," mke wangu akasema, "gusa ua moja tu, ukalale na kuku."