Kusoma Mara Nne au Kujipima Mara Tatu?

Mwanafunzi akifeli huambiwa aongeze bidii. Bidii ya namna gani, haambiwi. Pengo hilo ndilo linalozibwa na mikakati ya kujifunza, yaani hatua anazozichagua mwenyewe ili aelewe na akumbuke: kugawa muda wa kudurusu, kujiuliza maswali, kumweleza mwenzake somo.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha habari. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kukisoma. Jingine lilipewa kipindi kimoja tu cha kukisoma, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika liliyoyakumbuka bila kuchungulia. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja kibao kiligeuka: wao 40, waliojipima 61. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliojiamini kuliko wote. Maandishi yakishazoeleka machoni, mtu hudhani yameingia kichwani. Ukimwachia mwanafunzi achague kwa hisia, basi, atachagua njia laini, apake kitabu rangi ya njano ukurasa mzima na kulala kwa amani.

Wenye shaka nao si wa kupuuzwa. Tangu mwaka 1975, mtafiti wa lugha Joan Rubin alipoandika kuhusu mwanafunzi hodari wa lugha, swali limebaki: je, mikakati ndiyo iliyomfanya awe hodari, au uhodari ndio uliomwezesha kuitumia? Asiyejua nusu ya maneno ya aya hawezi kuifupisha, hata umfundishe ufupisho mwaka mzima. Tena kuna darasa ambamo mikakati yenyewe imegeuzwa orodha ya kukariri. (Ndiyo, wanaikariri kwa kurudia kusoma.)

Mimi naegemea upande wa mikakati, ila isifanywe somo la pekee. Mwalimu wa historia au hesabu aanze kipindi kwa dakika 5 za vitabu kufungwa, kila mmoja aandike anachokumbuka cha wiki iliyopita, kisha ajisahihishe. Tatizo ni kwamba mwanzoni karatasi hizo zitatia aibu, na mwalimu anayepimwa kwa alama za wiki hii hatakuwa na hamu ya kuzionyesha kwa mkuu wake.