Kupima wazee wote demensia, au kusubiri dalili?

Wapo wanaotaka kila aliyefikisha miaka 65 apimwe kumbukumbu kama anavyopimwa shinikizo la damu. Hoja yao ina uzito. Demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra hadi kuvuruga maisha ya kila siku, huanza kimyakimya, nyumbani wanasema "ni uzee tu", na mgonjwa hufikishwa kwa daktari akiwa ameshatapeliwa au ameshapotea njia ya kwake. Akigundulika mapema anaweza bado kuandika wosia na kumchagua mwenyewe atakayemsimamia mali. Dawa mpya za ugonjwa wa Alzheimer, chanzo kikuu cha demensia, nazo, kama lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ni za walio hatua za mwanzo tu. Hupunguza kasi kidogo, haziponyi, na zinaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu.

Wanaopinga huja na hesabu. Chukulia wazee 1,000, wagonjwa 50, na kipimo kinachonasa wagonjwa 8 kati ya 10 huku kikimkosea mzima 1 kati ya 10. Kitanasa wagonjwa 40 na kuwatia hofu wazima 95. Yaani katika kila 10 "walioshindwa", takriban 7 hawana demensia. Jopo la Marekani la kinga ya magonjwa, USPSTF, lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuamua kama kuwapima wazee wasio na dalili kuna faida kuliko madhara.

Sisi tunaegemea upande wa wanaopinga, kwa sharti moja: dalili ikionekana, isisubiriwe ikomae. Na alama za kipimo zisigeuzwe hukumu.

Tazama kipimo cha kuchora saa. Mzee hupewa duara, hujaza namba, kisha huweka mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Mfupi uelekee 11, mrefu 2. Ubongo unaoshindwa kupanga mambo huvutwa na neno "kumi" na kupeleka mshale kwenye 10. Lakini msemaji wa Kiswahili ana mtego wa ziada: amesikia "tano", na inambidi aigeuze kuwa 11. Mshale ukienda kwenye 5, mpimaji asiharakishe kuandika kosa. Aulize kwanza mzee huyu saa huisomaje. Naye ambaye hakuwahi kushika kalamu ataharibu mchoro akiwa na akili zake zote. Kipimo cha MoCA, cha maswali na michoro ya kupima kumbukumbu na fikra, chenye alama 30, humwongezea alama 1 aliyesoma miaka 12 au pungufu. Kwa ambaye hakuingia darasani kabisa, hiyo moja haifidii kitu.

Kinachosema zaidi ni mabadiliko, na anayeyajua ni anayeishi naye. Ahojiwe kando, maana wengi huona haya kumsema mzazi mbele yake. Bado anahesabu chenji? Dawa zake anazipanga mwenyewe? Jina la jirani likimtoka asubuhi na kumrudia jioni, hilo ni la kawaida. Kuuliza swali lile lile mara tano ndani ya saa moja, kila mara kama jipya, si kawaida. Wengine hawaanzi kwa kusahau: hubadilika tabia, hukosa maneno, au huona watu wasiokuwepo.

Kisha: yalianza lini? Swali hili peke yake hutenganisha mengi. Kuchanganyikiwa kulikoanza juzi ni dharura. Tafuta nimonia, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka. Wiki chache baada ya kuanguka, huenda damu imevujia kati ya fuvu na ubongo, na kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, kitaonyesha. Anayejibu "sijui" kila swali na hana hamu ya lolote huenda ana sonona. Demensia nyingi hunyemelea kwa miezi na miaka.

Dawa zake zote ziletwe, hata za kununua bila cheti. Klofeniramini ya mafua, amitriptilini ya sonona na diazepam ya kutuliza wasiwasi huvuruga kumbukumbu za wazee. Masikio yakaguliwe nta, miwani ivaliwe kabla ya kupimwa. Damu ipimwe wingi wake, sukari, kalsiamu, figo, vitamini B12 na tezi ya shingo. Kaswende na VVU panapokuwa na sababu.

Majibu yakibaki katikati, usimpachike jina la ugonjwa. Mpime tena baada ya miezi 6 hadi 12, kwa kipimo kile kile, ukimhoji mtu yule yule. Wengine hubaki walipokuwa, na wapo wanaopata nafuu.