Hapana, Sikumpiga Mtu kwa Kiatu

Jamani, tuanze na ile picha aliyonipiga Mudi akaisambaza, maana najua nusu yenu mmekuja hapa kwa ajili yake. Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, nimeinua mkono juu na mkononi kuna kiatu cheusi cha mtoto. Ndiyo, huyo kijana aliyeinama mbele yangu ndiye muuza viatu. Lakini alichoandika Mudi chini yake, "Baba Mzee akidai chenji Kariakoo", ni uongo wa mchana kweupe. Hakukuwa na chenji wala ugomvi. Kiatu kilikuwa hakitoki.

Mzee ni mwanangu, ana miaka 6. Tunamwita hivyo kwa sababu amebeba jina la marehemu baba yangu, na katika kubeba jina akabeba na miguu. Mnaonifuata tangu zamani mnaijua. Si mirefu, ni mipana. Pale mbele vidole vimekaa kama wajumbe watano kwenye benchi la watu watatu, hakuna anayekubali kusogea. Mama yangu akiiona anafurahi kama kaonyeshwa hati ya shamba: "Huo ndio mguu wa kwetu!" Wa kwenu sawa, mama, ila anayeutafutia viatu ni mimi.

Shida ni kwamba namba ya kiatu inahesabu urefu tu. Kwa urefu Mzee ni 28. Kwa upana hayumo kwenye hesabu. Mwaka jana akiwa awali tulifanya wanachofanya wazazi wote: tukapanda mpaka 31, tukajaza pamba mbele. Namba tatu hizo zinaongeza urefu wa sentimita 2 nzima, upana milimita chache. Kwa hiyo vidole vikaendelea kubanwa pembeni, kisigino kikawa kinaogelea, na siku ya michezo kiatu kikashika nafasi ya tatu, Mzee ya sita.

Mwaka huu darasa la kwanza, nikaapa kufanya mambo kitaalamu. Nikachomoa njiti kwenye ufagio wa chelewa nikampima. Nikampima amelala, maana akiwa macho ukimgusa unyayo anacheka mpaka anajikojolea. (Msinitumie tena ujumbe, nimeshaelewa: mtoto anapimwa amesimama, tena jioni. Uzito ukiwa juu yake mguu unatanuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa jikoni. Haya yote mmeniambia baada ya msiba.)

Nilianzia Karume kwenye mtumba. Nikakuta kiatu cheusi kizuri kutoka Uingereza, ndani kimeandikwa 10 na herufi G. Namuuliza muuzaji G ndiyo nini, akajibu bila kupepesa macho, "G ni genuine, braza." Mimi nikajifanya mjuaji kumzidi, nikasema hapana, G ni girl, nikakirudisha. Jana usiku nimekaa nasoma, nagundua kuwa kwa viatu vya watoto vya Uingereza herufi hiyo ndiyo upana. F wa kawaida, G mpana, H mpana zaidi. Na 10 yao ndiyo 28 yetu. Yaani nilishika mguu wa mwanangu mkononi nikaurudisha kwenye lundo kwa sababu ya ujuaji. Kama kuna mtu alikichukua, asiniambie.

Basi nikaenda Mtaa wa Kongo, Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Mnaujua siku kama hiyo: hutembei, unapelekwa. Nikapelekwa mpaka kwenye meza ya kijana mmoja mwenye moka nyeusi, ngozi nzuri, lastiki pembeni. Akachukua njiti yangu, akaitumbukiza ndani. "Bosi, imekaa kama imezaliwa humu."

Nikamwambia urefu sina shida nao, naulizia upana.

"Ingiza mkono ujionee."

Nikaingiza wa kulia. Vidole vinne, taratibu, safi kabisa. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu wa heshima. Ila nikawakumbuka wale wajumbe watano, nikasema hapana, lazima nipate upana halisi. Nikakunja ngumi humo ndani. Ngozi ikalia kidogo, nikafurahi, nikajua inatanuka. Nikavuta mkono.

Mkono ukakaa.

Sikushtuka. Mwanaume hashtuki mbele ya bidhaa ambayo hajalipia. Nikaendelea kukigeuzageuza kiatu kama bado nakikagua, huku navuta kidogo kidogo. Pete ya ndoa imekwama mahali fulani chini ya ulimi wa kiatu. Ili kupata muda nikauliza bei.

"Ishirini na tano."

Nikavuta. Maumivu yakanikunja uso.

"Haya, ishirini na tatu."

Nikavuta tena, uso ukakunjana zaidi.

"Ishirini na moja, bosi, usinune."

Wapendwa, yule kijana alikuwa anaamini anapambana na mnunuzi mgumu kuliko wote Kariakoo. Sisemi neno. Nakunja uso tu, na kila nikikunja anashuka elfu mbili. Tulipofika 17,000 jasho linanitoka, naye linamtoka. Akanitazama, akakitazama kiatu, akanitazama tena.

"Bosi, mbona hutoi mkono?"

"Nausikilizia upana."

Akakishika kiatu akavuta. Mimi nikashika nguzo ya mwavuli kwa mkono wa kushoto. Akavuta tena, mwavuli ukaja, meza ikafuata, viatu vya shule vya watoto wa taifa hili vikamwagika barabarani. Watu wakajaa. Kuna aliyependekeza sabuni, kuna aliyependekeza kisu, na kuna mtoto mdogo aliyemuuliza mama yake kwa sauti kubwa kwa nini huyu baba amevaa kiatu mkononi. Mama yake akamwambia, "Usimwangalie."

Akatokea mama mmoja mtu mzima, kajitanda khanga. Kwa malezi yangu mdomo ukatangulia: "Shikamoo mama," na mkono wa kulia nao ukajinyoosha wenyewe kumpa heshima yake. "Marahaba mwanangu," akaupokea, akautikisa, ndipo akatazama alichoshika. Amepeana mkono na moka. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa upole ambao sitausahau, "Inua juu, baba, damu ishuke."

Nikainua. Kijana akainama kuokota viatu vyake. Na hapo hapo, ng'ambo ya barabara, Mudi akapita na simu yake.

Bado. Kijana akasema nilipe kwanza ndipo tuendelee kuvuta, mzigo usije ukaharibika mkononi mwangu. Haki yake. Ila pochi ipo mfuko wa kulia wa suruali, na mkono wa kulia ndio huo uko hewani. Wa kushoto haufiki. Nikalazimika kumwomba mtu nisiyemjua, Kariakoo, Januari, anisaidie kuingiza mkono mfukoni mwangu. Walijitokeza watano. Nikamchagua yule mama.

Ni yeye pia aliyetoa mafuta ya mgando kwenye kipochi chake, akapaka pembeni, akaniambia nilegeze mkono kama namwogesha mtoto. Ukachomoka kwa mlio wa soda inayofunguliwa. Watu wakapiga makofi. Nikafungiwa viatu vyangu, nikapanda daladala, nikakaa nyuma kabisa.

Nyumbani mambo yalikwenda haraka. Picha ilikuwa imeshafika kwenye kikundi cha wazazi wa darasa, mwalimu kaandika, "Wazazi, tuwe na subira." Mama Mzee hakuuliza habari za picha, aliuliza pete iko wapi. Nikatazama kidole, peupe. Kabla sijatunga chochote, Mzee akiwa anajaribu viatu akasema, "Baba, humu kuna kitu kinaniuma." Pete ikatoka kwenye ncha ya moka, imejaa mafuta.

Akavaa upya. Kiatu cha kulia kikaingia kama soksi. Wajumbe wote wamekaa, na mbele imebaki nafasi ya kidole gumba. Akaruka, akakimbia mpaka mlangoni. Akaja kuvaa cha kushoto, kikaishia katikati ya unyayo.

Mama Mzee akakiokota hicho cha kushoto, akakitazama, akanitazama mimi. Akaenda chumbani akarudi na kopo la mafuta.

"Haya, baba Mzee. Vua pete."