Soda ina gesi, maharage hayana

Ukishauriwa kuepuka "vyakula vyenye gesi", orodha huwa ni ileile: soda, maharage, kabichi, vitunguu. Soda sawa. Hivyo vingine vinasingiziwa.

Soda ina gesi kwelikweli. Kiwandani, kabonidayoksaidi husukumwa kwa mgandamizo ndani ya kinywaji kilichopozwa, maana maji baridi hushika gesi nyingi kuliko ya moto. Kizibo kikiwa kimekaza huoni kitu, chupa imetulia tuli. Fungua tu, mgandamizo unashuka, na ukimimina kwenye glasi utaona viputo vikipanda mstari mmoja mmoja, kila mstari ukianzia palepale, kwenye kijinyuzi cha vumbi au mkwaruzo usioonekana kwa macho. Ikiachwa wazi hukata gesi, ikabaki maji ya sukari. Mwaka 1767, huko Leeds, Uingereza, mwanasayansi Joseph Priestley aliyatia maji gesi hiyo kwa kuyaweka juu ya mapipa ya bia iliyokuwa ikichachuka.

Sasa pasua punje ya haragwe. Kiputo kiko wapi? Kilichomo ni sukari za jamii ya rafinosi, ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya (protini ya kumeng'enyea chakula) cha kuzivunja. Zinapita zima hadi utumbo mpana, bakteria wanazichachua, na hapo ndipo haidrojeni na kabonidayoksaidi zinapotengenezwa. Kwa baadhi ya watu na methani pia.

Mtaniambia nabishania maneno. Nabishania, ndiyo, kwa sababu neno hili linatupotezea mshukiwa. Gesi ya soda kwa kiasi kikubwa hutoka juu, kwa mbweu, muda mfupi baada ya kunywa. Ya maharage huja saa kadhaa baadaye, na njia yake mnaijua. Anayejaa tumbo usiku akailaumu soda ya mchana huenda kamkamata asiye mwizi.

Kwa hiyo mimi "chenye gesi" ningekiachia kile ambacho gesi imo ndani yake. (Mtungi wa gesi ni habari nyingine: hata ukiwa mtupu bado tunauita wa gesi.) Maharage yaitwe chakula kinacholeta gesi. Ukishajua kwamba inaletwa na sukari, unajua pia cha kufanya: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Sehemu ya sukari hizo huondoka na maji uliyoyamwaga.