Kupanga si kutupa hela

Mtu akishapata kazi ya maana, ndugu na marafiki huanza kumwuliza: utapanga mpaka lini? Wanaamini kwamba kodi ni hela inayomtajirisha mwenye nyumba, na kwamba anayelipa mkopo wa nyumba anajiwekea akiba. Kwenye mji ambao nyumba ni ghali, imani hiyo imewaingiza wengi kwenye madeni yasiyo ya lazima, na inaniuma kuona inarudiwa bila kupigiwa hesabu.

Tuipige basi. Umekopa 1,000,000, sarafu yoyote ile, kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ulipe kwa miaka 30. Rejesho la kila mwezi ni karibu 5,996. Mwezi wa kwanza, 5,000 zinakwenda kwenye riba. Deni linapungua kwa 996 tu. Ukilipa miaka 5 bila kuruka hata mwezi mmoja, umeshatoa karibu 360,000, na bado unadaiwa zaidi ya 930,000. Riba nayo hairudi, sawa na kodi. Juu yake kuna bima, kodi ya majengo, na paa likivuja hakuna wa kumpigia simu. Kununua kuna gharama za wakili na usajili, kuuza kuna dalali. Ndiyo maana anayejua kwamba kazi inaweza kumhamisha baada ya miaka mitatu, mimi namwambia apange tu.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini: gawanya bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mzima ya nyumba inayofanana nayo. Ikija chini ya 15, kununua mara nyingi kunalipa. Ikivuka 20, fikiria mara mbili. Ikifika 30, maana yake kodi ya mwaka ni kama asilimia 3.3 ya bei, wakati benki inakutoza 6. Pengo hilo mnunuzi hulifidia tu bei ya nyumba ikipanda. Na bei si lazima ipande: Marekani zilianza kuporomoka baada ya 2006, na mamilioni wakajikuta wanadaiwa kuliko thamani ya nyumba walizokuwa wakiishi.

Sisemi kumiliki hakuna faida. Kwenye nyumba yako hakuna wa kukupa notisi, na watoto hawahamishwi shule kwa sababu mwenye nyumba kaamua kuuza. Kwa familia, hilo lina uzito mkubwa kuliko hesabu zangu zote. Ujerumani takriban nusu ya watu wanapanga, na wanapanga kwa utulivu kwa sababu sheria haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila sababu inayokubalika. Sheria isipomlinda mpangaji, kununua kunapata nguvu hata kama namba zinakataa.

Lakini mpangaji naye hafaidiki ikiwa hela aliyookoa anaila. Kwa anayesitasita, ushauri wangu ni huu: kwa mwaka mmoja, kila mwezi weka kando tofauti kati ya kodi unayolipa na rejesho ambalo ungelipa, pamoja na fungu la matengenezo. Ukiweza, umejua mkopo utaumudu, na malipo yako ya awali yameongezeka. Ukishindwa njiani, umeshindwa ukiwa bado hudaiwi na benki.